Nilivyozunguka Kutafuta Mwisho wa Santuri Yetu

Kila nikipita pale agroveti, duka la dawa za shamba, mnaniuliza nilikuwa wapi, na kwa vile nilimjibu kila mtu kwa ufupi, sasa majibu yameanza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Mmoja anasema nilienda kuoa Kianyaga. Mwingine ati nilienda Embu kutibiwa masikio. Huyo wa Kianyaga hayuko mbali sana na ukweli, mtaona. Nimeandika yote hapa mara moja, mpokezane. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta kosa lirukeni kama mnavyoruka dimbwi.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa viazi. Wachache wanajua kwamba nikiwa kijana nilipiga ngoma katika bendi ya roki ya Nyeri iliyoitwa Baridi Kali. Tulikuwa watano, wanaume wanne wenye nywele ndefu na magita ya umeme, na mwimbaji wetu alikuwa dada yangu mkubwa, Muthoni. Tulitoa santuri moja tu, Ukungu wa Kieni. Tuliirekodi nyuma ya duka la jumla la Mzee Gacheru pale Nyeri, katika chumba kilichotundikwa blanketi ukutani. Ngoma zangu zilikuwa na kelele nyingi, basi nilitolewa nje kwenye ujia nikazungushiwa magunia. Muthoni alisimama mlangoni, kati yangu na wenzetu. Mvua ilipiga mabati siku nzima. Wimbo wa mwisho ukiisha, magita yakinyamaza, unamsikia Muthoni kwa mbali: "Kariuki, umeharakisha." Hapo santuri inaisha.

Siku yenyewe sikuyasikia maneno hayo. Mvua ilikuwa nyingi na kichwa changu kilikuwa bado kinavuma. Niliyasikia santuri ilipotoka, wenzangu wakanicheka, mimi nikanuna. Miezi michache baadaye tulipiga muziki Embu kwa mwenye ukumbi mmoja anayeitwa Kamwati. Tulipomaliza, Kamwati alikataa tulale hata sakafuni. Dereva wetu Gitonga alikuwa amekunywa tangu mchana, na aliyemjazia glasi ni huyohuyo Kamwati. Kwenye kona moja kule Sagana tukatoka barabarani. Nilibaki hai mimi peke yangu, ukitoa sikio la kushoto. Nawataja kwa majina kwa sababu kwenye mazishi yale hakuna aliyethubutu kuwataja.

Basi Muthoni aliniachia maneno hayo mawili, jina langu na lawama. Hakuna mahali pengine duniani anaponiita. Santuri yangu niliitunza mpaka mke wangu, Mama Wambui, alipookoka, na Pasta Njogu akaja nyumbani kutusafisha na nyimbo za dunia. Nilikuwa shambani nikichimba viazi. Niliporudi nilikuta uani kitu cheusi kimeyeyuka juu ya jivu kama lami. Njogu hata alikuwa amekunywa chai yangu. Baadaye Mama Wambui alimfuata binti yetu mjini Ruiru, na mimi nikabaki na ng'ombe.

Sasa sikio la kulia nalo limeanza kufuata lile lingine. Ndiyo maana, siku redio ya agroveti iliposema kwamba Ukungu wa Kieni imetolewa upya, imesafishwa, ina sauti safi kuliko zamani, na itachezwa mbele ya watu Nyeri, niliacha dawa ya viazi juu ya kaunta nikaenda kutafuta koti. Nilitaka kumsikia mara moja tena kabla mlango haujafungwa.

Endarasha hadi Nyeri, juu ya viazi

Nilipanda lori la viazi. Mnajua tabia yangu: siingii gari kabla sijanusa pumzi ya dereva. Huwa namwambia nina shida ya masikio, asogee aseme tena. Dereva huyu alisogea akasema tena, nikabaki hapohapo nikivuta hewa, naye akarudi nyuma. "Mzee," akasema, "unataka kusafiri ama unataka kunibusu?" Vibarua walicheka mpaka Mweiga.

Mweiga ndipo kicheko kilipoisha, maana gurudumu lilipasuka na la akiba lilikuwa limepasuka tangu mwezi uliopita. Tulikaa kando ya barabara nusu siku. Baridi ilikuwa ile inayoingia kwa mikono ya koti. Mwanamke mmoja alikuja na ndoo ya mayai ya kuchemsha, nikala mayai na chumvi bila chai, yakasimama kifuani. Kibarua mmoja alitoa simu ili tujiliwaze, na wimbo uliotoka ulikuwa wetu, ule wa kwanza. Sikumwambia kitu. Aliusikiliza kidogo akasema wazee wa zamani walikuwa wanapiga makofi kwa sufuria. Sufuria hiyo ni ngoma yangu, nikawaza. Nilidhani ni ubovu wa simu.

Nyeri, ukumbini kwa Tony

Haikuwa simu.

Tony ni mtoto wa Mzee Gacheru. Baba yake alishafariki, na Tony ndiye aliyerithi jina la studio. Alikuwa amekodi ukumbi, ameweka spika ndefu kama milango, na watu wamekaa wakinywa kahawa ghali ya mlima huu ambayo wanaoilima hawaijui ladha yake. Santuri mpya ilikuwa nzito, inang'aa. Tony alivaa vifaa vya kusikilizia shingoni. Aliieleza kazi yake kwa heshima, hilo siwezi kumnyima, kisha akashusha sindano.

Nitawaeleza nilichosikia, na mtu wa sikio moja asidharauliwe. Katika santuri ya zamani ungeweza kufumba macho ukajua kila mtu amesimama wapi. Ndirangu na gita lake walikuwa karibu na dirisha, besi iko chini sakafuni, Muthoni yuko mlangoni, nami nikigonga mbali huko nyuma kama mtu anayebisha kwa jirani. Kulikuwa na karibu na mbali. Wimbo ulianza chini, ukapanda, ukashuka. Sasa wote walikuwa wamepangwa mstari mmoja ukutani wakikupigia kelele usoni, na hakuna anayepanda kwa sababu wote wameanzia juu. Ngoma zangu zilikuwa bati tupu. Mvua hakuna. Chumba hakuna. Muthoni alikuwa na kawaida ya kuvuta pumzi kabla ya ubeti, ungejua anakuja. Pumzi ilikuwa imetolewa, sauti inatokea ghafla kama ya mtu aliyesukumwa. Ilikuwa safi, ndiyo. Maiti naye husafishwa.

Nilingoja mwisho. Magita yakanyamaza, na papo hapo kikaja kimya kikavu. Watu wakapiga makofi.

Nilimwendea Tony nikamuuliza alipo dada yangu. Alinitazama kwa upole, kama mtu aliyezoea walevi. Nikamweleza ile sauti ya mwisho. Akasema, "Hiyo, mzee? Mwishoni kulikuwa na kelele tu, shhh. Tulikata."

"Haikuwa kelele. Ni mwimbaji akimwita mpiga ngoma. Mpiga ngoma ni mimi."

Akageuza jalada la santuri akanionyesha. Mimi si msomaji sana lakini hilo nilisoma. Wameandika kwamba bendi yote iliangamia ajalini. "Pole, mzee," Tony akasema. "Mpiga ngoma alikufa. Tulifanya utafiti."

Mnaonijua mnajua nina mdomo. Nilimwambia utafiti wake, na mahali pa kuuweka. Kisha nikampigia mezani kwa vidole mwanzo wa wimbo wa kwanza mpaka vikombe vyake vikaruka. Mwishowe alisema kwamba kanda ya mwanzo ya studio hakuipata. Hii mpya waliitoa kwenye santuri kuukuu waliyoipata Karatina, kwa mama aliyekuwa na baa. Santuri yenyewe walimrudishia. Nikamwambia angalau angeuliza kama kuna aliye hai. Akasema hakujua amuulize nani.

Niliondoka bila kuaga. Nje nilikula mandazi ya jana nimesimama. Mji wote huo, na mimi ni marehemu.

Karatina

Nilifika Karatina na pikap iliyobeba mitungi mitupu ya maziwa. Dereva alinuka vitunguu tu, nikamshukuru Mungu. Mitungi iligongana njia nzima, na ilikuwa na mlio mzuri kuliko ngoma za Tony.

Mama mwenye baa anaitwa Nyaguthii. Baa aliifunga zamani, sasa anauza nduma sokoni, upande wa mikokoteni. Kumpata kulichukua muda kwa sababu kuna akina Nyaguthii wengi na kila mmoja alitaka kwanza ninunue. Nilifika kwake nimebeba nduma, ndizi na kabichi nisiyoihitaji. Alikuwa mama mkubwa, kitambaa kichwani, anacheka kabla hujasema. Nilipomwambia mimi ni nani aliacha kucheka, akanipa kigoda. Huyo ndiye wa kwanza aliyenikumbuka. Alisema, "Wewe ni yule kijana wa ngoma aliyekuwa hali nyama. Sasa unakula?"

Alimwachia jirani meza, tukaenda kwake. Gramafoni bado anayo, imefunikwa kitambaa cha kushona. Na juu ya mkono wa gramafoni, pale kwenye kichwa cha sindano, kulikuwa na sarafu imebandikwa kwa gundi.

Mnaokumbuka baa za zamani mnaijua hiyo sarafu. Watu wakicheza, sakafu ya mbao ilitikisika na sindano ikaruka. Dawa ilikuwa sarafu: unaiweka juu ya mkono, sindano inakaa. Kila baa ya mlima huu ilifanya hivyo, na kila mtu alijiona mjanja. Kumbe ule uzito ulikuwa unalima santuri kama jembe. Kila mara ilipochezwa, sauti ndogo zilikwanguliwa kidogo, zile za juu na zile za mbali, na sehemu ya ndani karibu na kibandiko ndiyo iliyoumia zaidi. Sehemu ya ndani ndiyo mwisho wa wimbo wa mwisho.

Alinichezea. Mvua ilikuwepo, na nilifurahi kuisikia kama mtu wa nyumbani. Lakini Muthoni alikuwa anaimba kutoka chini ya mchanga. Magita yaliponyamaza nilisogeza sikio zima mpaka kwenye kitambaa cha spika. Shhh. Mahali pa jina langu pamelimwa pakawa uwanja.

Nyaguthii aliona uso wangu akadhani ni baa yake inalaumiwa. "Ungejua vile watu waliupenda ule wimbo," akasema. "Waliucheza mpaka ukaisha."

Ni watu waliompenda Muthoni ndio waliomfuta, na siwezi kutaja majina yao, ni wengi.

Alinipikia nduma na chai ya maziwa mengi. Tulipokuwa tukila ndipo akauliza kwa nini sijaenda kwa Njuki. Njuki alikuwa fundi wa mitambo pale kwa Gacheru, mtu wa Kianyaga, mkaidi. Nakumbuka Gacheru akimgombeza kila siku juu ya jambo moja: kanda ikimalizika iache hivyo, mwisho ukiwa nje, usiirudishe. Njuki akaitika ndiyo mzee, kisha akairudisha mpaka mwanzo, kwa sababu alisema kitabu hakifungwi kikiwa wazi ukurasa wa mwisho. Nyaguthii alisema studio ilipofungwa, Gacheru alitaka kutupa kanda zote, na Njuki akazibeba kwenda nazo kwao. Na Tony je, hakuambiwa? Nyaguthii akainua mabega. "Hakuuliza. Aliuliza tu kama santuri iko na mikwaruzo."

Kianyaga

Mvua ilininyeshea tangu Kerugoya. Mwenye bodaboda alikuwa na mwavuli uliofungwa juu ya pikipiki, lakini ulimfunika yeye. Kule chai imepanda mpaka ukingoni mwa barabara, udongo mwekundu, na matope yanayotaka kubaki na kiatu chako. Kabla sijaingia kwa Njuki nilisimama kwenye duka nikajifuta, nikanunua sukari na mkate, maana huendi kwa watu mikono mitupu. Nilivaa koti vizuri. Hayo ndiyo makosa yangu yote.

Langoni nilikuta pamefagiwa, viti vimepangwa chini ya turubai, na harufu ya nyama. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuja kunipokea kwa mikono miwili. Nikaketishwa mbele. Wanawake walikuwa wakichungulia kutoka jikoni. Nikaona ni vizuri niseme shida yangu kwa adabu, nisiingie na maneno ya kanda kama mpekuzi. Nikasema, "Nimekuja kutafuta kitu chetu kilichopotea zamani. Nimeambiwa kiko katika boma hili."

Yule mzee akatabasamu hadi masikioni. Akauliza, "Na mtakijua kwa alama gani?"

"Nitakijua nikisikia sauti."

Jikoni kukapasuka kicheko. Mzee akasema hapo sijakosea, sauti anayo, kanisa zima linajua. Nikashangaa kanisa limeijuaje. Akauliza, "Na mmekuja wangapi?"

"Niko peke yangu," nikasema. "Wengine wote walikufa."

Kicheko kikazimika kama jiko lililomwagiwa maji. Mama mmoja akaketi chini. Tulitazamana hivyo hadi kuimba kuliposikika langoni, magari mawili ya watu wa Meru waliovaa sare, wakiomba kufunguliwa, na ndipo nilipoelewa. Siku hiyo familia ilikuwa inangoja wageni wa posa. Micere, binti wa mwisho wa Njuki, mwimbaji wa kwaya, alikuwa anaposwa. Na mnajua mila yetu, anayekuja kuposa hasemi neno bibi arusi. Anasema amepotelewa na kitu. Walikuwa wamenichukua mimi kuwa msemaji aliyetangulia, kisha nikawaambia kwamba ukoo wa bwana arusi umekufa wote.

Nilitaka kuondoka. Hawakukubali, ati mgeni aliyefika siku ya furaha hafukuzwi. Nikakalishwa upande wa kwao, nikala mukimo wa viazi na maharagwe meusi ya njahi na ubavu wa mbuzi, kati ya watu mia wanaofahamiana. Waliimba, wakatania, wakabishana kwa mafumbo. Kila mtu alikuwa na dada, shangazi, shemeji wa kumgonga bega. Yule mzee wa kofia alinipitia mara kwa mara akisema, "Wewe wa waliokufa, ongeza mchuzi," na kila mmoja akacheka, hata mimi. Lakini nyama iliyobaki niliisukuma kando ya sahani.

Jioni mjane wa Njuki alinifuata nyuma ya ghala. Njuki alikufa kabla ya ugonjwa ule wa kuvaa barakoa. Alimkumbuka mumewe akitaja jina la Muthoni, kwamba sauti kama ile hakuirekodi tena. Nikamuuliza kanda ziko wapi. Alifunga na kufungua leso yake. Akasema kaka yake yeye, Muriithi, analima mpunga kule chini Mwea, na ndege walikuwa wanammaliza. Njuki alipokufa, Muriithi aliona kanda zile zimekaa tu, akazichukua.

"Za nini?" nikauliza, ingawa nilishajua. Mtu yeyote aliyepita Mwea anajua.

"Za kufukuza ndege," akasema. "Baba Kariuki, sikujua kuna mtu atakuja."

Sijawahi kuwa baba Kariuki, mimi ndiye Kariuki. Sikumsahihisha.

Chini Mwea

Kushuka Mwea ni kuvua nguo moja baada ya nyingine. Nilishuka Wang'uru nimebeba koti, sweta na ile kabichi ya Karatina. Nilikula wali na maharagwe kwenye kibanda, pishori mpya, harufu yake inakufikia kabla ya sahani. Mwenye kibanda aliniuliza kama nimekuja kununua mpunga. Nikasema nimekuja kuona kanda. Akaniambia kanda za kaseti zinauzwa kwa kilo kwa kinyozi.

Muriithi nilimkuta shambani, maji hadi katikati ya miguu. Ni mtu mwembamba, mpole, asiyekujibu upesi. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na juu yake, kutoka nguzo hadi nguzo, nyuzi za kahawia zilikuwa zimevutwa, pana kuliko za kaseti, zikimeta juani. Upepo ukipita zinatetemeka na kuvuma. Kweleakwelea walikuja kama moshi, wakafika juu ya shamba lake, wakageuka kwenda kwa jirani.

"Hizi ni nzuri kuliko kaseti," Muriithi akaniambia. "Kaseti inakatika. Hizi zinakaa miaka. Zinaimba vizuri."

Nilisimama kwenye tuta. Nilitafuta hasira. Ninayo ya kutosha, mnajua, huwa siikosi. Kwa Kamwati ninayo, kwa Njogu ninayo. Huyu nikamtazama, na mikono yake iliyopasuka, sikuipata. Niligeuza sikio langu zima upande wa upepo. Kulikuwa na uvumi mrefu, unapanda na kushuka. Sikuweza kujua ni kanda au ni sikio lenyewe.

Akauliza, "Kwani ndani ya hizi kulikuwa na nini?"

"Dada yangu."

Alivua kofia. Kisha akasema, "Basi amenilindia mpunga miaka hii yote."

Twende stoo, akasema, huenda kuna mabaki. Stoo ilikuwa ya mabati, joto kama la oveni. Magurudumu ya kanda alikuwa ameyatundika kwenye misumari, karibu yote matupu, mengine watoto walishayafanya magari. Nilisoma moja moja, majina ya kwaya, majina ya watu waliosahauliwa. La mwisho lilikuwa na penseli ya Njuki: Baridi Kali, upande wa pili. Muriithi alisema hilo alilianza msimu uliopita, akalizungusha shamba zima, kikabaki hiki kidogo. Katikati ya gurudumu, kwenye kiini, kulikuwa na kanda unene wa kidole.

Niliketi juu ya gunia. Yeye alidhani ni joto, akaniletea maji. Mimi nilikuwa namfikiria Njuki akigombezwa na Gacheru. Angemtii bosi wake, mwisho wa kanda ungekuwa nje, na ndio ungetangulia kwenda juani. Lakini aliirudisha. Mwanzo ndio ulikuwa nje. Magita, beti, ngoma zangu, karibu zote zilikuwa kule nje na ndege. Kilichobaki kwenye kiini ni mwisho.

Kurudi Nyeri

Nilirudi na gari dogo la mtu anayesambaza vifaranga. Nilimnusa mara mbili. Gurudumu nilikuwa nimelifunga ndani ya sweta, nimelipakata, na vifaranga wakilia nyuma. Tulipofika ile kona ya Sagana nilimwomba apunguze mwendo. Hakuuliza, akapunguza. Pamejengwa kituo cha kuosha magari siku hizi. Kijana mmoja alikuwa akisugua gari huku akicheza muziki. Tukapita.

Mashine ya kucheza kanda kama ile iko moja tu Nyeri, na mnajua ni ya nani. Ningekuwa na njia nyingine ningeifuata. Tony alinikuta nimesimama mlangoni mwa studio yake, nikiwa na matope ya Kianyaga kwenye viatu na vumbi la Mwea juu yake. Nilidhani atanifukuza. Alilitazama gurudumu, akasoma penseli, akasema jina la Njuki polepole. Alikuwa amebebwa mgongoni na Njuki akiwa mtoto. Hakujua alikufa.

Aliifuta kanda kwa pamba, kipande kwa kipande, kwa uangalifu ambao sikuutegemea. Kisha akaniwekea kiti mbele ya spika moja, upande wa sikio langu, akawasha.

Kwanza kulikuwa na mtetemo, kama kitu kinachozama na kuibuka. Halafu chumba kikafunguka. Mvua ilikuwa juu yetu. Gita la Ndirangu lilikuwa dirishani likimalizia, na mimi nikigonga huko mbali kwenye magunia, na kweli nilikuwa naharakisha, ngoma zinawakimbia wenzangu. Magita yakanyamaza. Muthoni akasema, "Kariuki, umeharakisha."

Nilianza kuinuka. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta. Lakini gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

Santuri ilikuwa imekatwa pale, na aliyeikata ni Mzee Gacheru mwenyewe, tangu mwanzo, akitengeneza ile ya kwanza. Hata ile niliyoitunza, hata ile Njogu aliyoichoma, ilikuwa imekatwa. Kanda iliendelea. Kiti kikavutwa. Mtu akakohoa. Kisha Muthoni tena, safari hii karibu zaidi, kwa sababu alikuwa anatembea kuja upande wangu.

"Lakini wacha ikae hivyo, ni tamu. Toka huko kwa baridi, twende tukule."

Hatua zake. Mvua. Kanda ikatoka kwenye kiini ikawa inapiga, tap, tap, tap, mpaka Tony akaizima.

Aliirudisha akaicheza tena bila kuombwa, na tena. Halafu niliona mkono wake ukienda kwenye vidude vyake, ni mazoea, akauzuia. Akaniuliza, "Mzee Kariuki, nisafishe kidogo? Hiyo mvua naweza kuitoa."

"Wacha ikae hivyo," nikamwambia.

Kanda iko kwake kwa sababu mimi sina mashine. Amesema kwenye toleo lijalo ataiweka mwishoni kama ilivyo, na jalada litaandikwa kwamba mmoja alibaki. Sijamsamehe sauti ile ya bati, na nimemwambia. Kamwati naye sijamsamehe, wala Gitonga, wala Njogu. Sina haraka nao.

Mmeniuliza kama nililia. Sikulia. Nilisikia njaa, njaa kubwa, kama ya mtu aliyepiga ngoma kutwa nzima. Nikamwambia Tony. Akafunga studio, tukaenda kula.